Doa la kichanga, mguu uliovimba, kijinyama kinachovuja: maswali yenu kuhusu mishipa

Maswali ya safari hii yametoka Dodoma, Kongwa, Mpwapwa na Manyoni. Yote yanahusu mishipa ya damu na ya limfu, ile inayorudisha kwenye damu maji yanayobaki katikati ya nyama za mwili.

Mwanangu alizaliwa hana alama. Wiki ya tatu kikatokea kidoa chekundu kwenye kope la juu. Sasa ana miezi miwili na kimefikia ukubwa wa punje ya zabibu. Bibi yake anasema kitaisha chenyewe. Nisubiri? (Mama, Kongwa)

Bibi hajakosea, ila jicho halina subira. Maelezo yako yanaelekea kwenye hemanjioma ya vichanga, uvimbe wa vimishipa vidogo vya damu ambao si saratani. Mtoto huzaliwa safi au na alama hafifu, doa huchomoza wiki za kwanza, hukua mbio hadi karibu miezi mitano, hutulia, kisha baada ya mwaka huanza kunywea polepole. Kwa watoto wengi, kufikia miaka minne umeshanywea, ingawa ngozi inaweza kubaki imelegea. Ungekuwa mgongoni au pajani, mdogo na hauna kidonda, tungeuangalia tu.

Kwenye kope ni habari nyingine. Uvimbe ukifunika mboni, au hata ukilikandamiza jicho, ubongo wa mtoto huzoea kulipuuza jicho hilo, na uoni ukipotea hivyo haurudi eti kwa sababu uvimbe umenywea baadaye. Omba rufaa wiki hii, aonwe na daktari wa watoto na wa macho mjini Dodoma. Usingoje siku ya kupima uzito.

Dawa inayotumika zaidi ni propranololi, ile ile ya moyo na presha. Madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, waliitangaza kwa kazi hii mwaka 2008, baada ya kuona uvimbe ukinywea kwa mtoto waliyekuwa wakimtibu moyo. Kwa kawaida huanzwa na miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, ikapandishwa hadi 2 au 3, ikigawanywa asubuhi na jioni, kwa miezi sita au zaidi. Sasa piga hesabu: mtoto wa kilo 5 kwa kiwango cha 2 anahitaji miligramu 5 kwa dozi, yaani moja ya nane ya kidonge cha miligramu 40. Hakuna kisu cha jikoni kinachokata hivyo. Ndiyo maana dawa hii hainunuliwi dukani kwa kukisia. Mpe akiwa ananyonya au mara baada ya kunyonya. Siku akitapika au akikataa ziwa, ruka dozi, kwa sababu sukari inaweza kushuka ghafla: hulegea, hutoka jasho baridi, hutetemeka. Mtoto anayekoroma kifua kama mwenye pumu, daktari ajulishwe kabla ya kuanza.

Sehemu nyingine zisizongoja ni ncha ya pua, midomo, kidevu na shingo ya mbele (sikiliza kama anapumua kwa mkwaruzo), sehemu ya nepi ambako huchubuka na kutoa kidonda, na katikati ya kiuno. Yakiwa madoa matano au zaidi mwilini, ini lipigwe ultrasaundi. Na msilichanganye na doa bapa la zambarau ambalo mtoto huzaliwa nalo. Hilo haliishi, hukua pamoja naye, na likiwa kwenye paji au kope, apimwe presha ya macho na aulizwe habari za degedege.

Nilichomwa na mwiba wa mgunga kidoleni. Baada ya wiki mbili kikaota kijinyama chekundu kama punje ya komamanga. Kikiguswa tu, damu. Nimekifunga uzi, kimekatika, kimeota tena. (Mkulima, Mpwapwa)

Kimeota tena kwa sababu uzi unakata kichwa na kuacha shina. Hiki ni kivimbe cha vimishipa kinachopenda kufuata jeraha dogo; kwa wajawazito huota hata kwenye fizi. Hakiambukizi. Daktari hutia ganzi, hukikwangua chote, huchoma shina lake kwa umeme, na dakika chache kazi imekwisha. Sisitiza kipande kipelekwe maabara, hasa kama kipo kiganjani, unyayoni au chini ya ukucha, maana saratani ya ngozi huweza kujificha kwa sura hiyo hiyo. Kikivuja kabla hujafika hospitali, bonyeza kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia.

Baba ana miaka 66. Ana madoa meusi, magumu, mguuni na unyayoni. Hayaumi wala hayawashi, ila mguu umevimba. Tulipewa krimu ya mzio, yanaongezeka. (Binti, Manyoni)

Acheni krimu hiyo kama ina steroidi, na asipewe vidonge vya prednisoloni, ambavyo navyo ni steroidi, bila daktari kujua habari hii. Lazima ichunguzwe saratani ya Kaposi, ambayo steroidi huichochea. Inaitwa hivyo kwa Moritz Kaposi aliyeieleza Vienna mwaka 1872. Kirusi chake, hapesi namba 8, kiligunduliwa 1994. Huanzia kwenye seli za kuta za mishipa, na uvimbe wa mguu hutokea kwa kuwa njia za limfu zimeziba. Vitabu vingi huonyesha madoa ya zambarau, lakini kwenye ngozi yetu huonekana ya kahawia iliyoiva au meusi.

Apime VVU, na msione haya, ingawa wazee wa Afrika waliugua Kaposi kabla ya VVU kujulikana. Akague kaakaa mbele ya kioo. Kipande cha doa moja kikatwe kwenda maabara. Akiwa na VVU, msingi wa tiba ni ARV, na wengine huongezewa dawa za saratani. Hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, hutibu ugonjwa huu. Nyumbani aoshe mguu kila siku kwa sabuni, akaushe katikati ya vidole, na akiketi auweke juu ya stuli.

Nimejifungua kwa upasuaji siku kumi zilizopita. Mguu wa kushoto umevimba hadi paja na unauma. Mama mkwe anataka nikandwe maji ya moto. (Mzazi, Dodoma mjini)

Dada, mguu huo usikandwe, na nenda hospitali leo. Huenda damu imeganda kwenye mshipa wa ndani, na bonge likibanduka huenda kwenye mapafu. Kifua kikichoma, pumzi ikikata au ukikohoa damu, hiyo ni dharura ya dakika hii. Omba ultrasaundi ya mishipa. Sindano za heparini na baadaye vidonge vya warfarini, dawa za kuzuia damu isigande, haziuzuii unyonyeshaji, na tiba kwa kawaida hufika miezi mitatu. Ukiwa kwenye warfarini huachi majani ya kunde wala mchicha. Kula kiasi kile kile kila wiki, kwani ukifululiza siku moja na kuacha siku kumi, kipimo cha damu huyumba.