Kupewa bidhaa bure ili uisifu: ipi hukumu yake?

SWALI: Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Ustadh. Mimi ni mama wa watoto wawili, nakaa Langoni hapa Lamu, asubuhi nauza mahamri. Tangu Mfungo Sita nimo katika grupu la WhatsApp ambamo wakala mmoja hutupa sampuli za bure: sabuni, mafuta ya nywele, majani ya chai, krimu za uso. Parseli huja kwa basi hadi Mokowe, ikavushwa kwa boti, nami hulipa nauli yake tu. Sharti ni kwamba ndani ya siku tatu niweke maoni mtandaoni, nyota tano na picha. Anayeweka nyota tatu hutolewa kwenye grupu. Krimu moja iliniwasha hata shavu likavimba, nami nilikuwa nishaandika nyota tano siku ileile ilipofika. Binamu yangu wa Matondoni akayasoma maneno yangu akainunua. Je, vitu hivi ni halali kwangu? Nikisema kitu ni kibaya, si kuwasengenya wenye mali yao? Na vilivyobaki nimekuwa nikiviuza shilingi 50 kila kimoja, yafaa?

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh. Alhamdulillah, na swala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na swahaba zake.

Mwanangu, hii ni mara ya tatu naulizwa jambo hili tangu Ramadhani, na mara zote waulizaji ni kina mama wenye biashara ndogo ndogo nyumbani. Wanaume nao wamo kwenye magrupu hayohayo, ila wao hawaulizi.

Nikutoe hofu kwanza: kuonja si haramu. Ukisimama kwa muuza halwa hukukatia kidogo kwa ncha ya kisu, akakuwekea kwenye kipande cha karatasi. Waonja. Ukiona iliki imekolea wasema, ukiona sukari imezidi wasema pia, kisha wanunua au waenda zako. Sijaona muuza halwa akimfuata mtu usita wa mui, yaani njia ya mji, akimtaka apaze sauti kwamba halwa yake haina mfano, eti kwa kuwa alionja. Kipande kile ni sampuli, na wazee wetu wamekula sampuli kabla neno lenyewe halijafika kisiwani.

Lakini lako silo la halwa. Wewe wasema ni vya bure, kama zawadi, na mimi sioni zawadi hapa. Mtume (s.a.w.) alimtuma mtu wa kabila la Azd, aitwaye Ibn al-Lutbiyya, kukusanya zaka. Aliporudi akatenga mafungu mawili: hili lenu, na hili nimezawadiwa mimi. Mtume akapanda mimbari akauliza, kwa maana yake, kwa nini asikae nyumbani kwa baba yake au mama yake aone kama ataletewa zawadi au hataletewa. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Basi jiulize na wewe: ungekaa Langoni ukikanda mahamri yako, usiandike neno, parseli ingepanda basi kukufuata? Haingepanda. Basi hiyo si zawadi. Na katika madhehebu yetu ya Shafi, kitu kikitolewa kwa sharti la malipo yanayojulikana huchukua hukumu ya biashara hata kikiitwa zawadi. Wewe wapewa ujira kwa kazi ya kuandika.

Ujira si aibu. Ujira wa kazi ya halali ni halali. Ila tuitazame kazi yenyewe.

Mtu wa hapa akitaka kununua mashua kuukuu hatosheki na maneno ya mwenyewe. Humwita fundi. Nilipata kuketi nikamtazama mmoja huko Matondoni. Alingoja maji yatoke, mashua ikalala ubavu kwenye tope, akaingia chini yake na nyundo ndogo akawa agonga ubao mmoja baada ya mwingine na kutega sikio. Ubao mzima hulia, uliooza hunyamaza. Penye shaka alichokoa kalafati, pamba ya kuzibia mianya ya mbao, kwa ncha ya kisu, akainusa. Akaanza baada ya adhuhuri, akatoka karibu ya alasiri na matope hadi magotini, akasema maneno mawili tu: "Mbao tatu." Mnunuzi akampa chake.

Sasa, lau mwenye mashua angemwendea fundi yule usiku, akampa pesa na sharti kwamba kesho aseme chombo ni kizima, ungesemaje? Na lau fundi angetamka hivyo bila hata kuinama chini ya mashua? Hilo la pili ndilo lako, mwanangu, nisamehe. Umeandika nyota tano siku ileile kopo lilipofika, kabla uso wako haujatoa jawabu. Ubao uliooza, hata ukiupaka sifa pipa zima, iwe ile ya mafuta ya maini ya papa au hii ya midomo ya watu, maji yataingia, na watakaokuwa ndani ni abiria.

Maoni unayoweka ni ushahidi. Msomaji hakujui, hana ajuacho ila neno lako kwamba umekitumia kitu ukakiona hivi. Mwenyezi Mungu asema katika Surat al-Hajj, aya ya 30, tuepuke kauli ya uongo. Na Mtume (s.a.w.) alipokuwa akiwatajia swahaba madhambi makubwa kabisa alikuwa ameegemea, alipofika kwenye neno la uongo na ushahidi wa uongo akaketi wima, akalirudia hata wakatamani anyamaze. Nikilisoma hilo la kuketi wima hunipitia mwilini kila mara.

Kwa hiyo sharti la nyota tano ni batili, wala hulazimiki kulitimiza. Lau sharti lingekuwa "tumia kisha useme ulichokiona," hapo ningekwambia chukua, andika, na Mungu akubarikie. Hata huko biashara hii ilikoshamiri wameiona tofauti hiyo. Amazon, duka kubwa la Marekani, lilipiga marufuku mwaka 2016 maoni ya kubadilishana na bidhaa za bure, likabakisha mpango wake lenyewe ambao haumlazimishi mtu kusifu. Mwaka 2024 tume ya biashara ya nchi hiyo ikaweka kanuni inayokataza kumpa mtu chochote kwa sharti kwamba maoni yake yawe ya kusifu, au ya kuponda. Na kwetu Kenya iko sheria ya kulinda watumiaji bidhaa ya 2012, inayokataza maelezo ya uongo na ya kupotosha. Siitegemezi hukumu yangu juu ya hayo. Nayataja ili wakala asikwambie kwamba ndivyo dunia inavyokwenda.

Jambo jingine ni kufichua. Hata ukisifu kwa kweli, sema kwamba ulipewa bure. Mtume (s.a.w.) alipita penye lundo la nafaka sokoni, akatia mkono, vidole vikakuta umajimaji. Mwenye nafaka akasema ni mvua. Akaambiwa: mbona hukuuweka juu watu wakauona? Mwenye kughushi si katika mimi. Ameipokea Muslim. Ule bure wako ndio unyevu wa chini ya lundo. Uweke juu, msomaji apime mwenyewe.

Ama kusengenya, la. Fatima bint Qays alimwendea Mtume (s.a.w.) kutaka ushauri, ameposwa na Muawiya na Abu Jahm. Akamwambia wazi: Abu Jahm haishushi fimbo yake begani, yaani ni mpigaji wa wake, na Muawiya ni fukara hana mali, olewa na Usama. Hao ni watu, wana heshima zao, na aibu zao zilitajwa kwa kuwa aliyeuliza alihitaji kujua. Itakuwa krimu? Ila sema kilichokupata wewe, usizidishe. "Iliniwasha" ni ushahidi. "Ni sumu, wauaji hawa" ni jambo hukulipima.

Kuviuza: tazama kwenye kifuniko au karatasi. Kikiandikwa kwamba si cha kuuzwa, nawe ulikipokea kwa sharti hilo, usikiuze, kwani Waislamu husimama kwenye masharti yao, mpe jirani. Kisichokuwa na sharti ni mali yako. Hizo shilingi 50 ulizokwisha kupata kwa kutojua, sikwambii uzitapike. Lakini ile krimu, hata iwe yako kwa hati, usimuuzie wala usimpe mtu, na usiitupe ovyo jaani, watoto huokota makopo.

Ulichokwisha kukitumia hakirudi. Kilichobaki ni toba, na toba ya uongo uliosomwa na watu haitimii kwa kuomba maghufira chumbani peke yako. Yarudie maoni yako yote, si ya krimu pekee. Ambayo uliandika kweli, ongeza kwamba ulipewa bure. Ambayo hukuitumia bidhaa, yafute. Na binamu yako mpigie simu leo kabla ya magharibi, umwambie aache kupaka. Kumlipa fedha yake sikulazimishi, kwa kuwa aliyemuuzia ni mwingine. Lakini yeye ni damu yako, naye aliamini jina lako, si la kampuni. Ningekuwa wewe ningemtafutia.

 

Kwenye krimu waweza kuandika hivi, kama hujui uanzie wapi: "Hii nilipewa bure. Mwanzo niliisifu kabla ya kuijaribu, nimekosea. Nilipoipaka iliniwasha na shavu langu likavimba." Nyota weka kadiri uonavyo. Ukitolewa kwenye grupu siku hiyohiyo, mwache wakala akutoe, usimjibu kwa matusi.

Wallahu aalam.