Jibu: Vijana wa seksheni hawafunguki kwenye kikao

Salaam, mdogo wangu. Umesema vijana wa seksheni yako, kile kikundi kidogo cha askari unachokiongoza, wametoka kwenye ulinzi wa amani Kongo, na kila ukiwaita mzungumze yaliyowapata huko wanajibu "ndiyo, afande", kisha kimya.

Angalia kwanza nani amekaa nanyi. Akiwepo mkubwa mwenye daftari, askari hafungui mdomo; anahofia yaliyoandikwa yatamfuata kwenye cheo. Sisi tulikaa chini ya mti baada ya kusafisha silaha, watu sita au saba, bila kalamu.

Usianze na "mnajisikiaje". Anza na kazi: tulipanga nini, kilitokea nini, kwa nini, safari ijayo tubadili nini. Muulize wa redio kwa nini alichelewa kujibu lindo usiku ule. Atakwambia mikono ilikuwa inatetemeka, na hapo mwenzake naye ataanza kusema. Ila wewe kiongozi utangulie kutaja pale ulipoogopa.

Tafadhali usimlazimishe mtu asimulie maiti alizoziona. Shirika la Afya Duniani halishauri vikao vya namna hiyo, na nimeshuhudia kijana akizidi kukosa usingizi kwa kusukumwa. Asiyelala, au aliyezidisha pombe, mpeleke kwa daktari wa kikosi, mkiwa wawili tu.