Mashine Ilimliza, Kijiko Je?

SWALI: Shikamoo tabibu. Mwanangu ana miaka minane. Mwezi uliopita tulimpeleka kliniki moja hapa Arusha kuziba gego. Mashine ilipoanza tu kulia, akapiga kelele. Tukamshika watu watatu, na ganzi hakupigwa. Limebaki gego la upande wa pili, na sasa akisikia hata blenda anafunika mdomo. Jirani ananiambia kuna dawa ya papai inayoondoa uozo bila mashine. Ni kweli? – Mama Ima, Ngarenaro

JIBU: Marahaba, Mama Ima. Mpe pole Ima. Watu watatu kumshika mtoto mmoja! Mimi ningezima mashine.

Jirani yako hajakudanganya. Ni jeli yenye papaini, ile ya kwenye utomvu wa papai bichi. Ilianzia Brazil mwaka 2003. Kazi yake unaijua jikoni: nyama ngumu ukiipaka papai bichi inalainika. Kwenye jino inalainisha palipooza, kisha tabibu anapakwangua. Ila si kila kliniki inayo, na usije ukamtia utomvu mbichi wa mpapai, utamuunguza ufizi.

Ningekuwa wewe ningeulizia kwanza kukwangua kwa mkono. Njia hii ilianzia hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kwa ajili ya vijijini kusiko na umeme. Nimeifanya darasani huko Moshi, mtoto amelala juu ya madawati mawili, khanga imekunjwa chini ya kichwa. Kifaa ni kijiko chenye ncha kama punje ya ulezi. Uozo unatoka vipande vya kahawia, laini kama ngozi iliyolowa. Ukifika pagumu kinakwaruza, unasikia kabisa. Hapo unaacha, unaziba.

Palipooza pamekufa, hapaumi. Chini yake ndipo kuna vijitundu vyenye majimaji vinavyoelekea kwenye neva, na joto na mtetemo wa mashine huvifikia upesi. Kijiko hakina joto, ingawa kinachukua muda mrefu zaidi, na karibu na neva mtoto anaweza kushtuka. Akishtuka, dai ganzi: kwanza ya kupaka kwenye ufizi, ndipo sindano, taratibu.

Lakini kama gego linamwamsha usiku, papai na kijiko havimfai tena. Uozo huenda umefika kwenye neva, apigwe picha kwanza.

Siku mkienda, mwombe tabibu amkwaruze Ima ukucha kwa kijiko kabla hajafungua mdomo.