Makala inafunguka kwangu, kwenye seva inakwama

Swali: Timu yetu ya sayansi ya data ina tovuti ya pamoja iliyotengenezwa kwa Quarto (programu inayogeuza maandishi na msimbo kuwa kurasa za tovuti), na hazina yake, yaani folda ya mafaili yake yote, iko GitHub. Nimeandika makala kuhusu mvua za Dodoma kwa kutumia Python, na kwenye kompyuta yangu inafunguka vizuri. Nilipotuma ombi la kuunganisha (pull request), GitHub Actions, huduma inayotujengea tovuti kwenye seva, ikagoma na kuandika `ModuleNotFoundError: No module named 'geopandas'`. Mkaguzi naye ananiuliza kwa nini nimegusa mafaili 214 ilhali makala ni moja. Nimekosea wapi?

Jibu: Kilichopaswa kubaki kwako kimeenda, na kilichopaswa kwenda kimebaki.

Tuanze na geopandas, maktaba ya Python ya data za ramani. Kila Actions inapoanza kazi hupewa mashine mpya, isiyojua chochote kuhusu maktaba ulizosakinisha kwako. Wengi hukimbilia kuongeza geopandas kwenye `requirements.txt`, orodha ya maktaba za kusakinishwa. Itafanya kazi leo, lakini mwenzako akileta makala inayodai toleo jingine la maktaba hiyohiyo, mtaanza kuvutana. Kwa tovuti yenye waandishi wengi, afadhali seva isiendeshe msimbo wa mtu yeyote. Fungua `_quarto.yml`, faili la mipangilio ya tovuti, uone kama ina mistari hii:

```
execute:
  freeze: auto
```

Ikiwemo, msimbo unaendeshwa kwako, matokeo yanagandishwa ndani ya folda ya `_freeze`, na seva inayasoma tu kutoka humo. Kwa hiyo `_freeze` lazima iingie kwenye Git, programu inayotunza historia ya mafaili ya hazina. Bila shaka kwenu mistari hiyo haipo, au kuna mtu aliyeiweka `_freeze` kwenye `.gitignore`, orodha ya vitu ambavyo Git huviacha, akidhani ni takataka. Kama mistari haikuwepo, mkiiongeza jengeni tovuti nzima mara moja kwa `quarto render`, ili makala za zamani nazo zigandishwe.

Kuna mtego hapa unaonasa hata wazoefu. Quarto huweka alama ya utambulisho ya faili lako zima, maandishi pamoja na msimbo. Ukirekebisha koma moja tu baada ya kujenga, alama hailingani tena, na seva itajaribu kuendesha msimbo upya. Ndiyo maana mtu anasahihisha neno moja kupitia kivinjari, pale pale GitHub, na kosa la geopandas linarudi. Sahihisha kwako, jenga tena, kisha tuma faili na `_freeze` yake pamoja.

Kinyume chake pia kipo: ukibadilisha faili la CSV bila kugusa makala, Quarto haioni tofauti yoyote, na grafu zinabaki za zamani. Lazimisha kwa kujenga makala hiyo peke yake, kwa sababu faili likijengwa peke yake msimbo wake huendeshwa kila mara:

```
quarto render posts/mvua-dodoma/index.qmd
```

Mafaili 214, karibu yote, yatakuwa ya `_site`, folda ya tovuti iliyokamilika: kurasa zilizokwisha kujengwa, picha, na `site_libs` yenye JavaScript na CSS. Hayo seva hujitengenezea yenyewe. Yatoe kwenye Git bila kuyafuta kwenye diski yako:

```
git rm -r --cached _site
```

Kisha ongeza `/_site/` na `/.quarto/` kwenye `.gitignore`, fanya komiti (hifadhi mabadiliko kwenye historia ya Git), tuma. Orodha ya mabadiliko kwenye ombi lako itapungua yenyewe. Huna haja ya kufungua ombi jipya.

Makala ijayo ianzie kwenye tawi lake, yaani nakala ya kazi iliyo kando na `main`, na usiandike `git add .`, inayokusanya kila kitu, hata kidogo. Hapa natumia jina la makala hii kama mfano:

```
git switch main
git pull
git switch -c makala/mvua-dodoma
```

Andika, jenga, halafu:

```
git add posts/mvua-dodoma _freeze/posts/mvua-dodoma
git status
git commit -m "Makala ya mvua za Dodoma"
git push -u origin makala/mvua-dodoma
```

Soma jibu la `git status` kabla ya komiti. Ukiona folda ya makala ya mtu mwingine, simama.

Kwenye kichwa cha `index.qmd`, faili la makala yenyewe, tarehe iandike `2025-04-03`. Ukiandika `03/04/2025` ukimaanisha tarehe 3 Aprili, Quarto itaisoma Kimarekani, mwezi kwanza, na makala itajipanga Machi. Picha nazo: `Ramani.PNG` na `ramani.png` ni kitu kimoja kwenye Windows, ila kwenye seva ya Linux ni mafaili mawili, na picha haitaonekana. Tumia herufi ndogo tupu.

Data ghafi usiiweke kwenye hazina. GitHub hutoa onyo faili likizidi MB 50 na hukataa linalozidi MB 100. Likikataliwa, kulifuta kwa komiti mpya hakusaidii, maana komiti ya nyuma bado inalibeba. Kama limo kwenye komiti ya mwisho tu:

```
git rm --cached posts/mvua-dodoma/ghafi.csv
git commit --amend
```

Kisha tuma tena. Pamoja na makala, weka jedwali dogo ulilokwisha kulichuja, lile ambalo grafu zinalisoma moja kwa moja.