Fundi Anajibu: Kabureta inachemka mchangani, nitoboe boneti?

SWALI
Fundi, shikamoo. Nina Land Cruiser pikapu ya zamani, injini 2F ya petroli, yenye kabureta. Nabeba samaki na barafu kati ya Msimbati na Mtwara mjini. Asubuhi inavuta vizuri. Ikifika saa sita mchana, nikiwa kwenye mchanga na gia nzito, inakosa nguvu na kukohoa. Nikizima robo saa kupakia, haiwaki mpaka utingo aweke kitambaa kibichi juu ya pampu ya petroli. Rafiki yangu anasema injini inavuta hewa ya moto, kwa hiyo nitoboe boneti au nifunge bomba la kuleta hewa ya nje. Kwa sasa nimeng'oa mfuniko wa kopo la filta ili ipumue. Nifanye lipi?
Dereva, Msimbati

JIBU
Marahaba, mwanangu. Kabla ya yote, rudisha huo mfuniko leo leo. Ukiutoa, filta haibanwi juu, hewa inaipita kando, na mchanga wa Msimbati unaingia moja kwa moja kwenye silinda. Mchanga ule ukiushika ni laini kama unga wa muhogo, lakini kwa ringi za pistoni ni msasa. Na hewa baridi hujaipata: injini bado inavuta ileile ya chini ya boneti.

Rafiki yako hajakosea. Hewa ya moto imetanuka, hivyo silinda ileile inajaa hewa kidogo. Kila joto likipanda nyuzi 3, unapoteza karibu asilimia 1. Niliwahi kufunga thermometa kwa waya kwenye mdomo wa kopo la filta la gari yangu, 2F kama yako, nikapita nayo mchangani mchana wa Desemba. Nje nyuzi 33. Mdomoni, baada ya dakika ishirini za gia nzito, 63. Yaani karibu sehemu moja kati ya kumi ya hewa ilikuwa imekwenda. Kwenye lami upepo unafagia joto. Mchangani unakwenda mwendo wa miguu, na feni inavuta hewa kupitia rejeta iliyochemka na kuimwagia injini yote.

Lakini kitambaa cha utingo wako ndicho kilichonieleza zaidi. Kama pampu ikipoozwa gari inawaka, basi shida yako kubwa ni petroli inayochemka, na hewa inafuata nyuma. Sehemu nyepesi za petroli huanza kuchemka hata kwenye nyuzi 40 hivi. Kwenye 2F manifoldi ya ekzosti, yaani mabomba ya kutoa moshi, iko chini ya manifoldi ya hewa, ile ya kuingiza hewa, na kabureta, chombo cha kuchanganya petroli na hewa, imekaa juu yao, kama sufuria juu ya mafiga. Ukizima, feni inasimama, joto linapanda lote, petroli iliyomo kwenye kikombe cha kabureta inachemka na kumwagikia ndani. Ndiyo ile harufu kali unayoisikia ukifungua boneti. Wakati huo usipampu pedali. Ikanyage mpaka chini, uishikilie hapo, upige stata.

Sasa kuna kitu ambacho mafundi wengi wanakiruka. Ndani ya manifoldi ya ekzosti, chini ya kabureta, kuna kipepeo cha chuma. Injini ikiwa ya baridi, kinaelekeza moshi wa moto upige tumbo la manifoldi ya hewa ili petroli igeuke mvuke upesi. Injini ikipata moto, springi inalegea, kipepeo kinageuka, na moshi unashuka moja kwa moja kwenye bomba. Kwenye nchi ya barafu ni kitu cha maana sana. Kwa gari inayolala karibu na bahari, chumvi inakula shafti yake na kipepeo kinagoma kikiwa bado kimeelekezwa juu. Tangu hapo manifoldi inapikwa kutwa nzima. Cha kwangu kiligoma hivyo, na fundi mmoja akaniuzia kabureta nzima kabla sijakigundua. Hela ile inaniuma mpaka leo, ndiyo maana nakuandikia kwa urefu.

Asubuhi, injini ikiwa imepoa, pitisha mkono ubavuni mwa manifoldi. Utagusa kipande kizito cha chuma na springi iliyojiviringa. Kisukume kwa kidole. Kikizunguka na kurudi, ni kizima. Kikigoma, nyunyizia dawa ya kutu, acha mpaka kesho, kisha gonga ncha za shafti kwa nyundo ndogo, polepole, huku na huku. Kikilegea, pakaza unga wa grafiti, maana oili ya kawaida inaungua na kugandisha tena.

Hapo hapo angalia kitako cha kabureta. Lazima kuwe na kile kipande kinene cha kuzuia joto, cha aina ya bakelaiti, yaani plastiki ngumu. Nimekuta magari mengi kimepasuka, mtu kaweka gasketi nyembamba ya karatasi. Rudisha kinene. Na mpira wa petroli usiegemee chuma cha moto popote.

Ukimaliza hayo ndiyo njoo kwenye bomba la hewa, na usilidharau. Litoe kwenye mdomo wa kopo mpaka mbele, pembeni ya rejeta, nyuma ya shoo, ule wavu wa mbele, karibu na taa. Usiliweke nyuma ya rejeta, huko utavuta moto uleule. Upana wake usipungue ule wa mdomo wa kopo, kona ziwe chache. Bomba la plastiki la maji machafu la inchi 3 linafaa kama linatosha mdomo huo, mradi likae mbali na ekzosti, maana likipata joto kali linalegea. Mdomo wa mbele uangalie chini, na sehemu ya chini kabisa ya bomba toboa tundu dogo la kutoa maji ya mvua. Lakini kama unavuka maji, uache mpango huo na ulipandishe bomba ubavuni mwa kioo cha mbele mpaka usawa wa paa. Maji hayabanwi, yakiingia silinda, kinachopinda ni koneksheni, ile fimbo inayoshika pistoni.

Ukishafunga, tembea siku mbili, kisha ng'oa plagi. Rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Zikiwa nyeupe, hewa imezidi petroli, basi mwone fundi kabureta akuongezee jeti kidogo, kile kitundu cha kupitisha petroli.

Boneti usiitoboe. Mvua ya Machi itadondoka juu ya distributa, inayogawa umeme wa plagi. Ukifika kupakia samaki, ifungue tu, ikae wazi mpaka unaondoka.

Na kama kuna siku unapelekwa ndani huko Newala au Tandahimba wakati wanapuliza salfa kwenye mikorosho, jioni yake toa filta uiangalie. Ukiona imeshika ule unga wa njano, igongegonge nje ya kopo, na kopo lenyewe ulipanguse kwa kitambaa kibichi kabla hujairudisha.