Eosinofili zimepanda ila choo kisafi? Majibu ya maswali yenu

Shikamoo daktari. Mwanangu wa miaka 9 analalamika tumbo, FBP (kile kipimo cha picha nzima ya damu) imeonyesha eosinofili asilimia 14, choo wamesema hamna kitu, tukapewa albendazo ya minyoo basi. Ndo mwisho? (Mama, Hombolo)

Marahaba mama. Hapana, sio mwisho. 14 ni nyingi, kawaida haizidi 5 hivi, na hizo ndo chembe nyeupe za damu za kupambana na minyoo, manake mnyoo ni mkubwa hamezeki kama bakteria, kwa hiyo zinamganda kundi zima, hasa akiwa bado mchanga, zinammwagia protini za sumu mpaka ngozi yake inatoboka. Pumu na aleji nazo huzipandisha, kama anazo sema. Choo cha mara moja kinadanganya sana, mnyoo wa safura anaingilia nyayoni anapita mapafuni kwanza, mayai yanakuja kuonekana baada ya wiki 5 na zaidi.

Ila wasiwasi wangu mkubwa ni bwawa la hapo Hombolo. Kama anaogelea, aangaliwe kichocho, na kile cha mkojo kinatafutwa kwenye mkojo sio choo: kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, akimbie kidogo kwanza, na yale matone ya mwisho asiyamwage, ndo yenye mayai. Albendazo haiui kichocho, dawa yake ni prazikwanteli. Mrudishe mama, tafadhali.

Nina homa ila chembe nyeupe ziko sawa, si malaria basi? (Bahi)

Hapana kaka, malaria mara nyingi haizipandishi, saa nyingine zinashuka kabisa. Kapime MRDT (kipimo cha haraka cha malaria) au hadubini leo leo.

Nikinywa ubuyu na mlonge si chembe nyeupe zitaongezeka zimalize kichocho zenyewe? (Chamwino)

Ubuyu kunywa dada, ila dawa meza. Chembe kuwa nyingi sio kwamba zimeshinda, mnyoo wa kichocho anakaa kwenye mshipa wa damu miaka kadhaa katikati yao, anajipaka vitu vya mwili wako zinapita hazimtambui. Zinachokiona ni mayai yaliyonasa kwenye kibofu, zinayazunguka, panabaki kovu, na hilo kovu ndo linaloharibu kibofu, yaani kila unavosubiri linazidi. Na kama umeingia majini wiki chache zilizopita mwambie anayekutibu, prazikwanteli haiui vizuri minyoo michanga, itabidi upimwe tena baadaye.