Chukua hiyo KE70, ila kagua chini kwanza

Mkuu, umeuliza kama ni busara kununua Toyota Corolla KE70 ya 1982 uliyoikuta Moshi, iliyoshushwa kidogo na kuwekewa rimu pana, au uongeze hela upate Toyota IST. Kama bodi ni nzima, mimi ningeichukua. Injini yake, 4K, ina cc 1,290, inatumia cheni ya taimingi (inayoendesha vali) badala ya mkanda, na ukifungua boneti unaona kila kitu. Fundi hahitaji kompyuta. Halafu inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Kizazi kilichofuata, 1983, sedani zilihamia kuvutwa na magurudumu ya mbele, na usukani wake hauna raha ile.

Nilichopenda ni kwamba aliyeibadilisha hakuiharibu: bampa za kromu zipo, dashibodi haijatobolewa. Siku hizi za namna hiyo ni chache mno! Inua mazulia utafute kutu. Angalia pia kama springi zilikatwa kwa grainda ili kuishusha. Zikiwa zimekatwa, weka nzima, maana matuta yetu yatakutesa. Na ukihamia nayo Arusha, huko ni kama mita 1,400 juu ya bahari na hewa ni nyepesi, kabureta (inayochanganya hewa na petroli) isetiwe upya, la sivyo itakunywa mafuta. Muombe muuzaji na rimu za zamani za gari.